Mkono wa Mbega

Ukunda, 20 Desemba 2007

Baba,

Nimefika. Auntie Ngina alikuwa ananisubiri stendi na sare yake ya kazi, akaniambia nimekuwa mrefu kama ndugu yake na mwembamba kama mtu ambaye Nairobi kumemwishia chakula. Amewaambia majirani wote kwamba nimemaliza Form Four, halafu anageuka kuniuliza mbele yao kama kweli nimemaliza au nimefukuzwa. Wanacheka, nami naangalia miguu yangu.

Naandika kwa sababu ulisema ukipigiwa simu unasikia upepo tu. Auntie atakuwa akipeleka barua zangu kwenye ofisi ya mizigo ya basi, na Lavender wa jirani ameniahidi atazichukua mjini akuletee.

Sasa ile kazi uliyonipa. Ulisema nisikuletee samaki wala nazi, nikuletee mbega niliyemwona kwa macho yangu. Nimemwona, Baba, asubuhi ya kwanza. Auntie anafua na kupiga pasi katika nyumba ya wageni, na chumba chake kiko nyuma, chini ya miti mikubwa. Nilitoka kupiga mswaki, majani yakaanza kuniangukia kichwani. Kuinua macho, walikuwa sita au saba, wamekaa kwenye matawi wanatafuna bila haraka, kama wazee kwenye kikao cha harusi.

Ni weusi kweli, lakini manyoya ya mabegani ni meupe na marefu, yananing'inia kama shuka. Uso ni mweusi, umezungukwa na ndevu nyeupe. Mkia wake, Baba, haujikunji kama ule unaochonga wewe. Unaning'inia wima, mrefu kuliko mwili, na ncha yake ni nyeupe. Akitaka kuruka hafikirii. Anajiachilia tu, mikono mbele, na tawi linampokea.

Tumbili ni watu wengine kabisa. Jana mmoja aliingia jikoni akatoka na ugali wa Auntie, ungali moto, akawa anauhamisha kutoka mkono huu hadi ule huku anatukasirikia sisi.

Wageni hunisalimia nikipita na nguo. Najifanya nahesabu shuka.

Uniambie unataka kujua nini kingine.

Mwanao,
Mutanu


Kibera, Soweto West, 26 Desemba 2007

Mutanu mama yangu,

Nakuita mama yangu maana jina ulilobeba ni la mama yangu, na naona unanituma kazi kama yeye. Nimekata mkia. Nimeuchonga upya, wima. Nereah, mama Lavender, alisimama mlangoni akauliza kama siku hizi nachukua amri kutoka Mombasa.

Nikueleze nafanya nini, maana uliondoka kabla sijaanza. Yule mama mwenye duka la vinyago ameniagiza mbega jike na mtoto wake, kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Amesema nikimfanya mbega ambaye mtu aliyewahi kumwona mbega atasimama mbele yake asiondoke, atanipa kazi mwaka mzima. Hapo chuo chako cha ualimu kitakuwa si ndoto tena. Omolo, kakake Lavender, alinisaidia kubeba gogo kutoka Makina. Kijana yule ana nguvu za punda na anakula kama punda pia.

Shida yangu ni hii. Fundi aliyenifundisha kule Wamunyu alinipa sampuli ya mbega, naye alipewa na aliyemfundisha. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyemwona mnyama mwenyewe. Ndivyo tunavyofanya kazi sisi, unachonga alivyochonga aliyekutangulia. Ikiwa wa kwanza alikosea, basi Ukambani kote tumekosea kwa miaka.

Mkono wa huyu mbega mama nimeumaliza. Nimeuchonga kama nilivyofundishwa, vidole vinne huku na dole gumba huku, umembana mtoto mgongoni. Lakini kila nikiuangalia naona ni mkono wangu, si wa mnyama. Nenda karibu uniangalizie mikono.

Kesho tunapiga kura. Nereah ananicheka kwamba kura yangu naipeleka kwa mtu wetu wa Ukambani ambaye hata yeye mwenyewe anajua hatashinda. Nikamwambia, mama Lavender, afadhali nipoteze kura kuliko nipoteze jirani. Akanipa omena.

Kula vizuri. Usiogope wageni, wao pia walizaliwa na mwanamke.

Babako,
Mbuvi


Ukunda, 3 Januari 2008

Baba,

Sijui barua hii itatoka lini. Auntie amerudi kutoka ofisi ya mizigo akasema tangu fujo za kura zianze hakuna basi linalokwenda Nairobi na hakuna anayejua litakwenda lini. Kwenye televisheni ya wageni tumeona Kibera, moshi na reli imeng'olewa. Nilisimama nyuma ya kochi nikatafuta paa letu. Mgeni mmoja akaniuliza kama ni kwetu, nikasema hapana. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Tumempigia Lavender simu kupitia kwa jirani yenu, mara credit ya simu imeisha, mara hakuna anayeshika. Baba, tafadhali usikae nje na kazi yako. Husikii watu wakija. Kaa ndani hata kama hakuna mwanga wa kutosha.

Auntie anasema sisi Wakamba hatuna ugomvi na mtu katika haya, wanaogombana ni wengine. Naandika hilo hapa ili nilione kwenye karatasi.

Nimekufanyia kazi yako, kwa maana nisipofanya kitu nalia. Kuna watu hapa wanaowatunza mbega, wanawafungia ngazi za kamba juu ya barabara wavuke bila kugongwa. Nilikwenda mpaka langoni mwao mara mbili nikarudi. Mara ya tatu dada mmoja alinifungulia kabla sijageuka. Walikuwa na mbega mmoja aliyeumia, amelazwa usingizi wa dawa, na dada yule akaniruhusu nimshike mkono.

Hana dole gumba, Baba. Hana kabisa. Ana vidole vinne virefu, vimepinda kama ndoano, na mahali pa gumba pana kijivimbe tu, kama kitu kilichosahauliwa. Nilidhani ni ajali. Yule dada akacheka, akasema wote ndivyo walivyo, wanazaliwa hivyo. Gumba lingewazuia. Wanaruka toka mti hadi mti na hawaanguki, na mtoto wanambeba, na majani wanachuma, yote bila gumba.

Kwa hiyo mlikosea nyote, wewe na mwalimu wako na mwalimu wa mwalimu wako. Nilitaka nikuambie ana kwa ana nikuone unavyocheka. Mkono unaweza kukosa gumba na bado ukawa mkono kamili.

Niandikie hata neno moja.

Mutanu


Kibera, 13 Januari 2008

Mutanu mama yangu,

Mwandiko huu ni wa Lavender. Mimi nasema, yeye anaandika. Banzi la jakaranda limeniingia mkononi, mkono umevimba, siwezi kushika kalamu. Usihangaike. Banzi si kitu kwa fundi.

Niko kwa Nereah kwa sasa kwa sababu nyumba yetu ina kasoro kidogo. Barua yako ya pili haijafika. Tunasikia mabasi yameanza kutembea, huenda iko njiani.

Kaa huko kwa Auntie. Mitihani umemaliza, hakuna kinachokuita huku.

Babako,
Mbuvi

Tanu, sasa ni mimi. Mzee amelala. Usijali sana, anakula. Huku mambo ni mabaya lakini sisi tuko. Mathe amempa kitanda chake. Omolo ndiye aliyempeleka hospitali, alimbeba mgongoni mpaka barabara ya lami maana hakuna gari lililokubali kuingia. Nitakuandikia nikipata nafasi. Nimekumiss.

Lav


Ukunda, 17 Januari 2008

Lavender,

Nimesoma barua yenu mpaka karatasi imelainika. Niambie ukweli. Mtu mwenye banzi mkononi anabebwa mgongoni kwa nini? Miguu yake ina nini? Na kama nyumba yetu ina kasoro kidogo, mbona anakitumia kitanda cha mama yako?

Nikimuuliza Auntie anasema ningoje. Yeye pia hajui kitu, anasema ningoje kwa sababu ni neno la watu wazima.

Mwambie Omolo asante. Mwambie sitamsahau kwa hilo. Nilipokuwa darasa la tatu alinibeba vivyo hivyo nilipokanyaga mabati, unakumbuka, na damu ikamharibia shati la shule na hakusema kitu. Mimi huwa siwezi kusema mambo haya mtu akiwa mbele yangu, kwa hiyo mwambie wewe.

Jana niliona kitu nikawafikiria ninyi. Kwenye mti wa nyuma ya chumba kuna mbega aliyezaa. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe wote, kama pamba, uso wa waridi. Yule mama alikuwa amekaa anatafuna, na mtoto akawa anapitishwa kwa majike wengine, huyu anamshika, anamnusa, anampa mwenzake. Mama hata hakugeuka kuangalia. Anajua atarudishiwa. Nikakumbuka mama yako alivyonichukua mama yangu alipokufa, akawa anatuogesha katika beseni moja, wewe na mimi, mpaka watu wapya waliohamia ploti yetu wakadhani sisi ni mapacha tusiofanana.

Barua yangu ya tarehe tatu ikifika, msomee Baba kwa sauti kubwa, upande wa sikio la kushoto. Ina jambo analolisubiri sana. Itamchangamsha.

Tanu


Kibera, 22 Januari 2008

Tanu,

Barua zako mbili, ile ya tarehe tatu na hii ya juzi, nilizipata pamoja Ijumaa asubuhi, kabla polisi hawajaanza kupiga risasi upande wa reli, na baada ya hapo hakuna aliyetoka. Mathe akasema angalau tumsomee mzee, siku ipite. Nilimsomea kwa sauti kubwa karibu na sikio, kama ulivyosema, mpaka jirani wa pili akawa anasikia. Alikuwa anatabasamu pale kwa mgeni na lile kochi. Nikafika kwenye mkono.

Nilisoma "hana dole gumba" kabla sijajua nasoma nini. Nikaishusha karatasi. Akaniambia endelea. Nikaendelea, mpaka pale unaposema mkono unaweza kukosa gumba na bado ukawa mkono kamili. Akaniangalia. "Nani amemwambia?" Nikasema hakuna, mzee, hii barua iliandikwa tarehe tatu, kabla. Nikamwonyesha tarehe. Hakuiangalia. Alisema mimi nimekuandikia kwa siri, na wewe sasa unamfariji kwa mafumbo kama mtoto mdogo, na kwamba hakutaka kufarijiwa na mtoto wake. Akageukia ukuta.

Asubuhi Wambua, binamu yake wa Kawangware, alikuja na mkokoteni. Walipakia vyombo na yule mbega amefungwa kwa gunia. Mathe alimshika mlangoni akamlilia abaki. Alisema tu, "Nereah, umefanya ya kutosha."

Basi inabidi nikuambie. Alinikataza.

Siku redio iliposema mtu wenu wa Ukambani amekubali cheo kwa serikali ile ile tunayosema imetuibia kura, vitu viligeuka. Mpaka hapo hakuna aliyewagusa. Kesho yake vijana wakaanza kupita ploti kwa ploti wakiuliza Wakamba wako mlango gani, wakisema mmetuuza. Mama Mbula na wengine wa upande wenu walikuwa wametoka alfajiri. Walimgongea mzee, Tanu. Walimgongea na hakusikia, na kila mmoja akadhani ametangulia.

Mchana alikuwa amekaa nje kwenye benchi lake anapiga msasa, mgongo kwenye njia. Wale vijana walimwita. Wakamwita tena. Yeye anapiga msasa tu. Wakaona anawadharau. Mmoja akasema, "Buda, unatufanyia madharau kwa mtaa wetu?" Ndipo akageuka, akawapungia mkono kuwasalimia. Nilimwona akiwapungia.

Walisema mkono uliompigia kura msaliti hautachonga tena hapa. Walitumia tezo lake mwenyewe, lile la kuchongea. Ni gumba la kulia na kidole kinachofuata. Nyumba wakaivunja baadaye.

Hakuna banzi. Pole, Tanu. Sijui kuandika pole kubwa kuliko hii.

Usimwandikie tena juu ya mbega.

Lav


Ukunda, 26 Januari 2008

Baba,

Naituma barua hii kwa Wambua akusomee, au usome mwenyewe kama macho yanataka.

Sikujua. Barua ile niliiandika tarehe tatu. Auntie ni shahidi wangu, iliwekwa ofisi ya mizigo siku kumi ikingoja basi. Nilikuwa nakuambia juu ya mnyama tu, Baba. Nilifurahi kwamba nimepata kitu usichokijua, hiyo ndiyo ilikuwa dhambi yangu yote. Ningejua ningekata mkono wangu mwenyewe kabla ya kuandika sentensi ile ya mwisho. Naisikia usiku na mchana, kwa sauti ya Lavender.

Lavender ameniambia yote. Usimkasirikie.

Tangu hapo sijatoka nyuma ya nyumba. Mbega wanakuja kila asubuhi na naingia ndani nafunga mlango. Siwezi kuwaangalia wanavyoshika matawi. Auntie amesema wageni wanauliza yule msichana mpole yuko wapi, amewaambia nina malaria.

Nataka kurudi. Nimefikiria jambo moja na naomba usicheke wala usikatae kabla hujafika mwisho. Najua kwetu wanawake hupiga msasa na kupaka vinyago rangi ya viatu, hawashiki tezo. Lakini mimi nina mikono miwili na nimekukalia karibu tangu nikiwa mdogo. Najua tezo linavyoshuka. Wewe kaa, uniambie kata hapa, acha hapa, mimi nikate. Tumalize huyu mama na mtoto wake, tumpelekee mwenye duka. Hatajua ni mkono wa nani. Chuo kinaweza kungoja au kisiwepo kabisa.

Niambie nije.

Mutanu


Kawangware, 8 Februari 2008

Mutanu,

Huu ni mkono wa kushoto. Ndiyo maana maneno ni makubwa na machache. Nimeandika siku nyingi.

Sikukasirikii. Nilikasirika, kisha nikaiangalia tarehe. Ulisema kweli juu ya mnyama.

Huku pia si salama. Huku wanaofukuzana ni wengine, lakini mapanga ni yale yale. Wambua analala na viatu.

Nikuambie kuhusu ile kazi usije ukaisubiri. Baada ya kujua gumba ni la uongo sikuweza kulala nalo chumba kimoja. Nilimwomba Wambua anipe patasi yangu, nikambana mbega kwa magoti, nikataka kuliondoa. Mbao ilipasuka kutoka kifundo mpaka begani. Mtoto akatoka mikononi mwa mama yake, akaanguka. Mke wa Wambua amewafanya kuni, akapikia chai.

Hutashika tezo. Si kwa sababu ya mila. Nitakuonyesha kwa mkono gani?

Lavender amesema ulimtumia Omolo salamu za asante. Ni kweli alinibeba. Lakini usijenge shukrani yako hapo bila kujua. Wale vijana walimwambia, shika mkono wake, kama wewe si wao. Akaushika. Aliukandamiza kwenye benchi langu. Walipoondoka akanibeba, na kwa kuwa sisikii sikujua kama anasema kitu, ila mbavu zake zilikuwa zinatikisika njia nzima.

Nimemfikiria sana.

Polisi waliponiuliza nilisema sikuona mtu. Nereah hajui na asijue. Alilala sakafuni ili mimi nilale. Lavender anajua, alikuwa mlangoni.

Sitaki uje. Lakini najua utakuja.

Mbuvi


Kawangware, 1 Machi 2008

Lavender,

Nimekuwa hapa wiki mbili. Sikukuambia.

Juzi redio ilitangaza kwamba wakubwa wametia sahihi na kupeana mikono. Watu walitoka barabarani wakapiga mabati, mama mmoja akanikumbatia bila kunijua. Baba alikuwa amekaa kitandani. Nilimwandikia kwenye karatasi: Wamepatana. Akasoma, akaniuliza kama maji yamekuja bombani, maana Mukai, mke wa Wambua, alikuwa anayangoja tangu asubuhi.

Baba mkono anauficha ndani ya sweta na anakula akitazama pembeni. Tezo na patasi zake amempa Wambua, naye anatumia lile tezo kupasulia kuni, hakuna mwenye nguvu ya kumkataza. Mwezi huu Baba anakwenda Kitui kwa ndugu yake kungoja mvua. Amesema kijembe kinashikika kwa vidole vitatu. Sidhani kama amejaribu. Yule mama mwenye duka alituma mtu kuuliza mzigo wake, nilimwambia fundi amehama.

Nilikuwa nimepanga kukuandikia barua ndefu. Nilitaka kukuuliza ulisimama vipi mlangoni. Nilitaka kukuuliza ulipata wapi mkono wa kuandika "Omolo ndiye aliyempeleka hospitali" na kuishia hapo, na ukaniacha nikashukuru. Nilikuwa na maneno makali, Lav, mimi ambaye huwa sina. Nilikuwa nayasema peke yangu nikifua. Mengine yalikuwa ya Omolo. Hayo niliyajua kwa moyo kama shairi la mtihani. Nilijua nitaanzia wapi na nitanyamazia wapi ili yamwingie.

Jana nilikuja Kibera. Nilitaka kuona kama kuna kitu cha kwetu kimebaki. Nilipita Makina nikashuka kwa njia ya nyuma ili nisipite kwenu. Nyumba imewekwa mabati mapya na kuna familia ndani, mtoto wao alikuwa amekaa pale benchi lilipokuwa. Mwanamke aliniuliza namtafuta nani. Nikasema nimepotea njia.

Nilikuwa narudi, nimefika upande wa Nyayo Highrise, nikamwona Omolo anakuja na mtungi wa maji begani. Njia pale ni nyembamba, unaijua. Hakukuwa na pa kugeukia. Aliniona akasimama. Amekonda. Akaushusha mtungi, akaushika kwa mikono yote miwili kana kwamba utamkimbia.

"Niaje, Tanu."

Lavender, nilikuwa na maneno yote. Yalikuwa hapa kooni, yamepangwa. Watu walikuwa wanapita, mama mmoja akatuambia tusizibe njia. Nikaangalia miguu yangu.

"Poa," nikasema.

Akangoja. Nadhani alitaka niyaseme. Nadhani alikuwa amesimama pale kunipa nafasi, na hiyo ndiyo inanifanya nisilale. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Mzee yuko aje?"

Nami nikamwambia mzee yuko poa. Nikamwambia asante kwa kuuliza. Nikapita kando ya mtungi wake, nikahakikisha sijaugusa ili maji yasimwagike.

Nilipofika Kawangware Baba aliniuliza nilikuwa wapi. Nikaandika kwenye karatasi: Sokoni.

Usimwambie mama yako kwamba nilikuja. Wala usinijibu. Sina hasira nawe, ningekuwa nayo ningejua la kufanya nayo.

Mutanu